Moto Unaoutupa Nyuma ya Banda

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili wa ndani huzoa samadi isiyopungua kilo 20 kila siku, akairundika nyuma ya banda. Kisha anamtuma mtoto dukani akanunue mkaa! Hapana, ndugu yangu. Hasara hii tuikatae.

Samadi hiyo ukiikoroga na maji kiasi kilekile, ukaiingiza kwenye mtambo uliofukiwa ardhini usiopitisha hewa, bakteria wataimeng'enya na kukupa gesi ya kupikia kama saa mbili kwa siku. Ugali unaiva, mboga inaiva, chai inachemka. Moto wake ni wa buluu, sufuria haishiki masizi, na mpishi hatokwi machozi ya moshi.

Nasi si wa kwanza kujaribu. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini kilichoko Arusha, kilianza kusambaza mitambo ya gesi yenye umbo la kuba miaka ya 1980. Hale, mkoani Tanga, wazalishaji wa mkonge walithubutu zaidi. Jani la mkonge hutoa nyuzi asilimia nne hivi tu. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ikitupwa na kuchafua mito. Mwaka 2008 ukazinduliwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa umeme. Mkonge ukiwasha taa, samadi yako itashindwaje kuchemsha chai?

Na usiishie kwenye gesi. Mimi nalithamini zaidi tope linalotoka upande wa pili wa mtambo. Halina harufu kali ya samadi mbichi, nzi hawalikimbilii, na nitrojeni yake mmea huifyonza upesi. Limwage kwenye migomba, kwenye mchicha, kwenye mahindi, uone majani yatakavyokoza kijani.

Gharama ya saruji, matofali na fundi ni nzito, sikufichi. Ndiyo maana kuna vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na vyama vya ushirika wa maziwa: jengeaneni kwa zamu. Na mtambo ukishajengwa, ulishe kila siku. Ukinyimwa samadi na maji, gesi inakatika.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi peke yake haitatufikisha huko. Wiki hii pima samadi yako, hesabu ndoo za maji unazoweza kupata, kisha mwite fundi aje akuoneshe pa kuchimba.