Kete Mbili Mfukoni

Binamu yangu alinijia barazani alasiri moja ya mwezi wa saba, ameshika karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Moja ilikuwa stakabadhi ya ghala, yenye kilo za ufuta aliopeleka AMCOS, chama cha ushirika cha msingi. Ya pili ilikuwa ya malipo. Kusoma hajui, lakini tarakimu anazijua barabara. Aliyekulia kwenye mnada wa samaki wa Kilwa Kivinje atazijua apende asipende. Akaweka kidole kwenye kilo. Akaandika mchangani bei ya mnada wa ufuta, maana siku ile alikuwepo na aliiona ikiandikwa ubaoni. Kisha akaweka kidole kwenye fedha alizopokea, akafungua viganja vyote viwili, akanikazia macho.

Nyingine ziko wapi?

Binamu ni kiziwi tangu utotoni, homa ilimpitia. Mtaani wanamwita Bubu, na hawakusudii kumtukana, ni jina tu, kama mwingine anavyoitwa Mrefu. Watu wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wangetukemea, na wangekuwa na haki, kwa sababu huyu bwana ana maneno mengi kuliko mimi. Ila yako mikononi, na tunaoyajua hatuzidi kumi: mkewe, watoto wake, mama yangu, wavuvi wachache na mimi. Serikali, kwa mfano, ni ngumi inayopigwa kiganjani kama mtu anayegonga muhuri. Mwenyekiti wa kijiji ni kidole kinachopita chini ya pua, kwa sababu mwenyekiti wa zamani alikuwa na masharubu. Tumeshabadilisha wenyeviti mara tatu, masharubu yamebaki.

Nikamjibu kwa kiganja kinachokata hewa: wamekata. Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akadakia, "Ndiyo hivyo shemeji, mwambie wamekata, atanyamaza." Hakunyamaza. Alitaka kujua nani kakata, na kwa nini, na zimekwenda wapi. Hapo ndipo mimi, ninayeandika habari za siasa mwaka mzima na kulipwa kwa kazi hiyo, nilipogundua kuwa sina mkono wa kusemea "chama kikuu cha ushirika". Wala "halmashauri". Wala "makato ya ghala". Nikamwambia kwa ishara, kesho. Usiku nikalala vibaya.

Sisi siasa tumeiweka mdomoni. Mtu akiongea sana tunasema anapiga siasa. Ahadi isiyo na kitu tunaambiwa hizo ni siasa tu. Kwa mantiki hiyo asiyesema wala kusikia tunamwona amesalimika na balaa lenyewe, na ukitaka kumweleza, jirani atakushauri umwache mwenzio apumzike. Lakini siasa ikishatoka mdomoni huwa inatua mahali. Inatua kwenye mizani ya AMCOS, kwenye bomba la maji lisilotoa maji, kwenye dirisha la dawa. Binamu anaishi huko inakotua. Hotuba ndiyo asiyoipata. Gari la matangazo likipita wakati wa kampeni, anachopata yeye ni mtikisiko wa spika kifuani.

Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, nyuma tu ya pwani yetu hii, ndiko Vita vya Majimaji vilikoanzia Julai 1905. Kabla ya hapo habari zilikuwa zikipita kwa njwiywila, mnong'ono wa siri wa mtu kwa mtu, na nimewahi kujiuliza viziwi wa Umatumbi waliambiwa na nani. Lakini vita vyenyewe vilitangazwa kwa mikono. Watu waliingia kwenye shamba la pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, wakang'oa mashina machache. Hilo halihitaji masikio. Yeyote aliyelima pamba ile na kuona shina limelala juu ya udongo alijua limesemwa neno gani, na limesemwa kwa nani.

Kesho yake, kama nilivyomwahidi binamu, nikatoa bao.

Bao lina kete 64, na hesabu yangu ilitaka 100, kwa hiyo ikabidi tuazime komwe za jirani, na jirani naye akaja kuona komwe zake zinafanywa nini. Nikamwaga zote mkekani. Nikachukua kiganja cha ufuta, nikauweka upande mmoja, kisha nikaonyesha: kete hizi ni fedha za ufuta huu. Hizi za AMCOS, nikazisogeza. Hizi za chama kikuu. Hizi za ghala. Kila nilipotoa alinishika mkono na kutaka kuona kazi yake, nami nikalazimika kuigiza mlinzi wa ghala, karani, dereva wa lori. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Nikafika kwenye ushuru wa halmashauri. Kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, tangu uliposhushwa mwaka 2017. Mtu atakwambia anaulipa mnunuzi. Sawa, lakini mnunuzi hajazaliwa jana; huupigia hesabu kabla ya kuandika bei. Nikatoa kete tatu, nikapiga ngumi kiganjani: muhuri. Nikazitia kwenye kopo, na humo nikaongeza za samaki, za stendi, za nyumba za wageni za Kilwa Masoko. Kopo likajaa.

Sasa nikazimwaga za kopo, nikazipanga upya 100. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, baada ya kuondoa fedha zenye kazi maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nikazitoa kumi. Nne, nikaonyesha kanga kichwani. Nne, nikaonyesha kijana anayetunisha misuli. Mbili, nikaziba masikio, nikafumba macho, nikachechemea kwenda na kurudi.

Binamu akajigusa kifua. Mimi?

Nikamwambia wewe. Nikampa mbili, nikamwomba azirudishe, nikazihesabu: mbili, si tatu. Hakuna riba. Kisha nikazifunika kwa kofia, nikapitisha msimu mmoja wa ufuta, nikafunua, kwa sababu Serikali iliisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 na kuirejesha mwaka 2024. Akatazama kofia muda mrefu. Halafu akafanya kitu ambacho sikukifikiria. Akazifuata zile kete mbili kinyumenyume kwa kidole: kutoka kwangu, kwenye kopo, kwenye ushuru, kwenye kiganja cha ufuta. Akajigusa tena. Yaani zimetoka kwangu, zikazunguka, ndizo hizi? Na miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia?

Matangazo ya mikopo hiyo yalibandikwa ukutani kwenye ofisi fulani na kusomwa kwa kipaza sauti. Nimeyaona mwenyewe, maandishi madogo, karatasi mbili zimeshikanishwa kwa pini. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Kupewa, si kubandikiwa. Ipo pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sina ugomvi na sheria zetu, zimeandikwa vizuri. Ugomvi wangu ni na ule ukuta.

Mtu atasema angekwenda shule akafundishwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Kweli. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianza Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikafuata mwaka 1974. Kati ya Kivinje na Buguruni katika utoto wetu palikuwa na Rufiji, na Rufiji ilivukwa kwa pantoni mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Masika mabasi yalilala tope siku nzima, siku mbili. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu, kilingoja lami mpaka miaka ya 2010. Mjomba wangu, mvuvi wa nyavu za kukopa, angempelekaje mtoto wa miaka saba huko na kumrudisha likizo? Kwa hiyo hata huo ukosefu wa lugha ya viziwi wenzake, ambao tunauona kama kudra, una bajeti za wizara ndani yake, na mtu aliyeamua barabara ipi itangulie.

Na kumweleza mtu si kazi kubwa hivyo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, redio zilitangaza tahadhari kutwa nzima. Binamu aliona mashua zinavutwa juu kuliko kawaida, akauliza. Mvuvi mmoja akazungusha mkono juu ya kichwa, akaangusha mnazi kwa kiwiko, akafunga mlango. Ilimchukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Barabara ilipokatika Somanga na vitu dukani vikaadimika, alishajua kwa nini, na alikuwa anawaeleza wengine.

Lakini nisijisifu. Kazi hii ina mtego, na mimi nilinaswa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, nilijitolea kumweleza wagombea kwa kutumia mabango. Huyu, nikaonyesha, anataka hivi; yule anataka vile. Baada ya dakika chache akaanza kucheka, akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, akayavuta juu, kisha akayavuta chini. Usoni mwangu kulikuwa na kura tayari. Kwa yule nimpendaye nilikunjua paji, kwa mwingine nilikunja, na kwa mtu anayesoma uso kama sisi tunavyosoma gazeti, hiyo ni kampeni ya wazi. Sheria inamruhusu mtu mwenye ulemavu kuchagua mwenyewe wa kumsaidia kupiga kura. Sijawahi kujiuliza msaidizi anaacha wapi uso wake.

Shangazi yangu, aliyepigwa kiharusi akapoteza maneno, amenifundisha jambo jingine. Yeye huitikia kwa kichwa kila kitu. Ukimuuliza umeelewa, ataitikia. Ukimuuliza hujaelewa, ataitikia pia, kwa adabu, ili usichoke naye. Kwa hiyo siku hizi simuulizi kama ameelewa. Namwekea vitu viwili mbele yake achague, na nikimweleza jambo namwachia anionyeshe yeye. Bima ya afya nilimweleza kwa ndoo ya visima vya zamani, ile ambayo kila nyumba ilichangia kamba yake. Siku ya tatu alinisukumia kamba na kutoa noti kwenye upindo wa kanga. Kumbe tangu siku ya kwanza alichokuwa anauliza ni kiasi gani.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuja Septemba. Zamani binamu alikuwa anakwenda kwa sababu anaona watu wanakwenda, na wakinyoosha mikono ananyoosha. Hata sijui katika miaka hiyo amepitisha nini. Huenda alipitisha hata michango iliyomwumiza. Safari hii alikaa mbele kabisa, kwenye jamvi la wazee, kanzu imepigwa pasi. Mtendaji akaanza kusoma mapato na matumizi kwa sauti ile ya mtu anayetaka kufika mwisho. Alipomaliza, mwenyekiti akauliza wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, chini ya mwembe mzima.

Wa binamu haukupanda. Alingoja yote ishuke, ndipo akanyoosha wake, peke yake. Akaingiza mkono wa pili mfukoni, akatoa kete mbili za bao, akaziweka juu ya meza, kwenye daftari la mtendaji.

Kuna waliocheka. Mwenyekiti akazitazama kete, kisha akageuka kunitafuta mimi nyuma, kama wanavyofanya wote, nimweleze huyu anasema nini. Nikamwonyesha kwa kidole: muulize yeye.