Msikiti, Darasa na Chumba: Je, Vinatosha?



Kila mwaka wa masomo unapoanza, kauli moja husikika miongoni mwa ndugu zetu wapya, na hapa Mulago husikika zaidi kwa sababu masomo ya udaktari ni mazito na siku ni fupi. "Mimi nimekuja kusoma. Nitakwenda darasani, wodini, msikitini, kisha chumbani kwangu. Mengine ni ya wenyewe." Hayo mengine ni serikali ya wanafunzi tunayoiita Gildi, vyama vya fani, michezo, midahalo, kazi za kujitolea, hata mkutano wa darasa wa nusu saa.

Kauli hii haifai kubezwa. Mara nyingi anayeitoa ni kijana mcha Mungu ambaye wazazi wake wameuza ng'ombe au kipande cha shamba ili afike hapa. Lakini kwa kuwa ameitoa kwa jina la dini, ni haki tuipime kwa mizani ya dini. Je, kujitenga na maisha ya pamoja ya chuo ni ucha Mungu, au ni deni lisilolipwa?

Hoja ya anayejitenga

Tuanze kwa kumtetea. Maisha ya chuo kikubwa cha umma si bustani ya wacha Mungu. Kampeni za Gildi zina fedha, pombe, matusi na usiku wa manane. Julai 2022 kijana mmoja aliuawa wakati wa kampeni za kugombea urais wa Gildi ya Makerere, na uongozi wa chuo ukasimamisha shughuli za Gildi. Mzazi aliyesoma habari ile akiwa Arua, Mbale au Mombasa ana sababu ya kumwambia mwanawe akae mbali.

Dini nayo inampa ushahidi. Kila Ijumaa wengi wetu husoma Suratul Kahf, kisa cha vijana walioikimbia jamii yao wakaingia pangoni kuokoa imani yao, na Mwenyezi Mungu akawasifu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akijitenga katika pango la Hira. Tena ametuonya kwamba pupa ya mali na cheo huharibu dini ya mtu kuliko mbwa mwitu wawili wenye njaa walioachiwa zizi la kondoo.

Lakini turudi kwenye dalili hizi tuzitazame vizuri. Vijana wa pangoni hawakuanza na pango. Qur'ani inatueleza kwamba kwanza walisimama, wakatangaza imani yao mbele ya watu wao. Pango lilikuja walipoogopa kupigwa mawe au kurudishwa kwa nguvu katika dini waliyoiacha. Ni nani hapa Mulago anayetupiga mawe kwa sababu ya swala? Tunaswali, tunafunga, dada zetu wanavaa hijabu wodini. Hali yetu si ile yao, basi hukumu yetu haiwezi kuwa ile yao. Na Mtume (s.a.w.) baada ya kupewa ujumbe alishuka kutoka Hira akaenda sokoni, kwenye mikusanyiko ya makabila, mpaka Taif alikopigwa mawe kweli.

Imam Ghazali ni mfano mwingine. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad, akajitenga kwa takriban miaka kumi. Katika Ihya aliandika sehemu nzima juu ya kujitenga, akataja faida zake bila ubahili na faida za kuchanganyika vilevile. Lakini hakufia katika upweke wake. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Kujitenga kulikuwa tiba ya nafsi yake, na mgonjwa akishapona hatarajiwi kubaki kitandani.

Deni la wote

Sote tumesoma madrasa kwamba faradhi ni za namna mbili. Fardhi ain ni ya kila mmoja: swala yako hakuna atakayekuswalia. Fardhi kifaya ni ya jamii: wakiitimiza wa kutosha, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, kila aliyekuwa na uwezo ana dhambi. Mfano tuliofundishwa ni mazishi.

Chukua mfano huohuo uulete hapa. Mulago ni hospitali ya rufaa ya taifa. Wagonjwa huletwa kutoka kila pembe ya Uganda, na wengine hawana jamaa hata mmoja Kampala. Akifa Muislamu wa namna hiyo, nani atajua kwamba ni Muislamu? Nani atamwosha, atamkafini, atamswalia? Kwa kuwa fardhi kifaya huwaangukia kwanza walio karibu na wenye habari, hakuna aliye karibu zaidi yetu. Lakini habari hiyo haimfikii aliyejifungia chumbani. Humfikia anayejulikana na wauguzi, na wanafunzi wenzake wasio Waislamu, watu ambao wakiona jambo husema, "Mwite yule ndugu, atajua la kufanya." Namba yao ya simu huipati siku ya msiba. Uliipata miezi mingi kabla, mlipocheza mpira pamoja au mlipogawana zamu.

Ghazali huyuhuyu aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake kwa kukimbilia fiqhi huku miji yao ikikosa tabibu Muislamu. Ndugu yangu wa Mulago, hata hilo darasa unaloliona kuwa jambo lako binafsi ni deni la jamii uliloingia kulilipa. Na hiki ni chuo cha umma. Anayesomeshwa kwa fedha za serikali analipiwa na kodi za watu, akiwemo mama anayepika katogo asubuhi kando ya barabara ya Wandegeya. Hata anayejilipia ada anasoma katika majengo na hospitali ambazo hakuzijenga. Hatuwezi kuwaambia watu hawa kwamba tuliyoyachukua ni ya pamoja, ila tulicho nacho sisi ni cha chumbani.

Historia inavyotufundisha

Sisi Waislamu wa Uganda tunajua gharama ya kukaa pembeni, kwa sababu wazee wetu waliilipa. Zama za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi Waislamu waliogopa watoto wao wangebatizwa na kubadilishwa majina. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Wengi wakawazuia watoto wao nyumbani. Makerere ilipoanza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, na shule ya udaktari ilipofuata miaka miwili baadaye, njia ya kufika huko ilipita katika shule hizohizo. Matokeo ni kwamba kwa miongo mingi Muislamu wa Uganda alijulikana kwa bucha, udereva na biashara ndogo. Hizo ni kazi za halali na za heshima, lakini katika ofisi, mahakama na hospitali alionekana kwa nadra.

Tusiwahukumu wazee wale, kwa sababu walichagua imani ya watoto wao kabla ya vyeo vyao. Lakini tuangalie jinsi tatizo lilivyoanza kutatuliwa. Prince Badru Kakungulu na wenzake hawakuishia kusema shule zina hatari. Walijenga shule za Waislamu, Kibuli ikiwa mbele, ili mtoto apate elimu bila kuuza dini yake, kisha aende Makerere akakae na wengine akiwa amesimama imara. Hofu ya haki ilijibiwa kwa kujenga, na leo sisi ni matunda ya jengo hilo. Itakuwa ajabu mjukuu aliyefunguliwa mlango aingie ndani kisha asimame nyuma yake.

Kushiriki kwa ajili ya nani?

Hapa panahitaji uangalifu, kwa kuwa wapo wanaokubali kushiriki kwa sababu moja tu: maslahi yetu. Tuingie Gildi ili mtihani usiwekwe saa ya swala ya Ijumaa, ili tupate mahali pa kuswalia, ili mwezi wa Ramadhani tukumbukwe. Hizi ni haki, na kuzidai si aibu. Lakini zikiwa ndizo pekee, wenzetu watatuona kama jirani anayebisha hodi siku anapohitaji chumvi tu.

Tukumbuke Hilf al-Fudul. Mtume (s.a.w.) akiwa kijana wa umri wa wengi wetu, kabla ya utume, mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa mali yake Makka na kigogo wa Kiquraishi. Koo kadhaa zikakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an zikaapa kumsimamia kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Mtume (s.a.w.) alikuwepo. Miaka mingi baadaye, akiwa na dola na umma, alisema kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu angeitika.

Kisa hiki kina mambo matatu ya kutufaa. Waliokutana hawakuwa Waislamu. Aliyetetewa hakuwa ndugu wa ukoo. Na jambo lenyewe lilikuwa haki, wala halikuwa cheo. Kwa hiyo mwanafunzi Muislamu anayesimama na mwenzake Mkristo aliyekwama kwa ada, au anayempigania mwanafunzi mlemavu asiyeweza kupanda ngazi za maabara, hajaenda nje ya dini yake. Vivyo hivyo kijana anayejua Kiswahili akamsaidia mgonjwa wa Nile Magharibi asiyejua Kiluganda aeleweke kwa daktari.

Je, nigombee?

Swali hili huulizwa kila msimu wa uchaguzi. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Samura asiombe uongozi, kwani anayepewa kwa kuuomba huachiwa mwenyewe, na anayepewa bila kuuomba husaidiwa. Kwa upande wa pili, Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mfalme ampe usimamizi wa hazina za nchi, akataja uaminifu na ujuzi wake. Wanazuoni wamezipatanisha dalili hizi: lawama ni kwa anayekitaka cheo kwa ajili ya cheo, na ruhusa ni kwa anayejua kwamba asipojitokeza haki za watu zitapotea, naye ana uwezo wa kuzilinda. Yusuf aliiona njaa ya miaka saba inakuja. Wewe unaona nini? Kama unachokiona ni picha yako kwenye bango, kaa chini. Kama unaona jambo la watu linaloharibika na unajua namna ya kulitengeneza, huenda kukaa chini ndiko kutakakoulizwa.

Na si lazima iwe urais. Mwakilishi wa darasa, mtunza fedha wa chama, mwandaaji wa siku ya kuchangia damu, hizi ni kazi ambazo watu huzikimbia kwa kuwa hazina sifa. Nchini mwetu akiba ya damu hupungua shule zinapofungwa, kwa sababu wachangiaji wengi ni wanafunzi. Jumuiya yetu ikijipangia zamu ya kuchangia wakati wa likizo, itakuwa imefanya jambo ambalo hakuna bango la kampeni linaloweza kulitangaza.

Mipaka

Nisieleweke kwamba kila penye watu tuwepo. Penye pombe, dhuluma au uongo, kutokuwepo kwetu ndio ushiriki wetu. Kampeni inayotaka umtukane mtu wa kabila jingine, iache hata kama mgombea ni Muislamu. Hasa akiwa Muislamu. Na masomo ni amana: anayefeli mwaka kwa sababu ya mikutano amewadhulumu wazazi wake na wagonjwa wake wa kesho. Kuna mihula ya kuwa mstari wa mbele na mihula ya kusoma kimya kimya, na kwa sababu kifaya ni ya kupokezana, aliyepumzika mwaka huu ampokee mwenzake mwakani.

Nafsi nayo inahitaji pango lake. Asiye na saa ya peke yake na Mola wake atachoka haraka na watu, kisha ataanza kuwatumia. Amka kabla ya alfajiri, jitenge, lia kama unaweza kulia. Kisha kukicha, shuka.

Tumefundishwa kwamba muumini anayechanganyika na watu na kuvumilia maudhi yao ana malipo makubwa kuliko asiyechanganyika nao wala kuvumilia. Maneno hayo hayakuficha kwamba kuna maudhi. Mkutano utachelewa, watu watalumbana, mchango wako hautashukuriwa, na ndugu fulani atakuuliza kwa nini unapoteza muda na makafiri. Huo ndio uzito wa deni lenyewe, na anayelilipa analipia hata wale waliobaki chumbani.

Mwenyezi Mungu atujaalie nia safi, elimu yenye manufaa, na ujasiri wa kutumikia viumbe wake. Wabillahi tawfiq.