Ukingo wa Mto ni wa Nani?



Mas'ala tutakayoyazungumza mara hii yaonekana kuwa madogo, nayo si madogo. Mji umejaa majumba, na kila shubiri ya ardhi iliyo katikati yake ina bei kubwa. Kisha wakuu wake wakaamua kuirefusha njia ya miguu kando ya mto, ipite kati ya mji, ili kila mtu atembee hapo. Je, ni haki kutumia mali ya umma kwa jambo hilo? Na ikisha kujengwa, njia hiyo ni ya nani? Ni ya aliyetoa fedha, au ya mwenye jumba lililo juu yake, au ya mpita njia asiye na senti mfukoni? Ili tusiseme maneno ya hewani, tumechagua mji mmoja wa kuutazama, nao ni Chicago, huko Marekani.

Mto wa Chicago hapo zamani haukuwa mahali pa matembezi. Uchafu wa viwanda, wa machinjio na wa majumba ulimwagwa humo, na mto ukaupeleka katika Ziwa Michigan, ambalo ndilo watu wa mji walilokunywa maji yake. Mwaka 1900 walifungua mfereji mkubwa, wakaugeuza mto urudi nyuma, ulipe ziwa kisogo na kwenda upande wa mto Mississippi. Maji yao ya kunywa yakasalimika, lakini uchafu ukawaelekea wengine. Jimbo la Missouri, lililo chini ya maji hayo, likashtaki. Na mwaka 1906 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalikatalia dai lake kwa kuwa ushahidi haukutosha. Twayataja haya kwa sababu yana funzo. Mji ulioupa mto wake kisogo huufanya jaa. Mji ulioelekeza uso wake mtoni huona haya kuutupia taka, kwani watoto wake hukaa hapo. Basi faida ya kwanza ya njia ya ukingoni ni kwamba huwafanya watu wakione walichokuwa wakikificha.

Ukingo wa kusini wa mto huo, katikati ya mji, ulikuwa marikiti kubwa ya matunda na mboga. Mwaka 1909 Daniel Burnham na Edward Bennett walitoa mpango wa kuutengeneza mji, na ndani yake wakataka kingo za mto zifanywe nzuri, watu wapate kuzitembelea. Wafanya biashara wa marikiti wakahamishwa, na mwaka 1926 ikafunguliwa barabara ya ghorofa mbili iitwayo Wacker Drive. Lakini magari yalipata sehemu yao mapema kuliko watu wa miguu. Miaka mingi ikapita, na chini kando ya maji hapakuwa na njia ya kuunganika. Mwaka 2005 ulifunguliwa hapo uwanja wa kuwakumbuka askari waliokufa katika vita vya Vietnam. Mwaka 2009 kipande cha kutoka Michigan Avenue hadi mtaa wa State kikakamilika. Mwaka 2015 njia ikafika mtaa wa LaSalle. Na mwaka 2016 ikafika Lake Street. Leo ina urefu wa maili moja na robo.

Yafaa tufahamu ugumu wa kazi hiyo. Kila baada ya hatua chache pana daraja. Hapo kwanza mwenye kutembea alipofika darajani alipanda ngazi mpaka juu, akavuka barabara katikati ya magari, kisha akashuka tena. Kijana aliweza, mzee, mgonjwa, na mama mwenye mtoto mgongoni hawakuweza, au waliweza kwa taabu. Wajenzi wakapitisha njia chini ya madaraja, nao hawakuwa na nafasi ya kufanya watakavyo, kwa sababu waliruhusiwa kuingia mtoni futi 25 tu. Mto nao ni njia, na vyombo vina haki yao ya kupita. Na mahali pamoja palipojengwa ngazi pana za kukalia, mwinamo wa kupitia kiti cha magurudumu umekatizwa katikati ya ngazi hizo hizo. Haukufichwa nyuma kama mlango wa watumishi. Asiyeweza kupanda apita mbele za watu, pamoja na watu. Hilo latufunza kwamba njia iliyokatika si njia, na kwamba haki anayoipata mwenye nguvu peke yake haijawa haki ya wote.

Sasa tuje kwenye asili ya swali letu. Maji ni ya nani? Hapo hapo Chicago lilitokea jambo linalostahili kukumbukwa. Mwaka 1869 baraza la kutunga sheria la jimbo la Illinois liliipa kampuni ya reli ya Illinois Central zaidi ya eka elfu moja za ardhi iliyo chini ya maji ya ziwa, mbele ya mji. Mwaka 1873 baraza likaifuta sheria hiyo, na kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka 1892 mahakama ikahukumu kwamba serikali haikuwa na uwezo wa kujivua ardhi hiyo kama auzavyo mtu shamba lake, kwani iliishika kwa amana ya watu wote. Sisi Waislamu hukumu hiyo haitushangazi. Twajua wakfu ni nini. Twajua kwamba msimamizi wa wakfu si mwenyewe wa wakfu, na kwamba saini yake, ijapokuwa na muhuri, haihalalishi kukitoa asichokimiliki. Kesi ile ilikuwa ya ziwa, lakini maana yake yaenea hata mtoni: aliyekabidhiwa maji ya watu hana ruhusa ya kuwafungia watu maji.

Huenda mtu akasema: "Haya yote ni anasa. Mji wenye watu wasio na makazi, na mitaa iliyosahauliwa, wafanyaje njia ya starehe chini ya majumba ya matajiri?" Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini twamwuliza mwenye kuisema: ni nani aliye katikati ya mji kutwa nzima? Matajiri wamo, lakini wamo pia mfagiaji, mpishi, karani na bawabu. Tajiri ana bustani yake nyumbani. Kwake njia ya mto ni ziada. Bawabu anayepumzika nusu saa adhuhuri hana pengine pa kukaa bila ya kulipa. Kumnyima pahali hapo kwa jina la maskini wengine si kuwasaidia maskini. Hata hivyo hoja yake yabakia na nguvu kwa upande mmoja: ikiwa njia itatengenezwa palipo na majumba marefu tu, na mto utakapofika mitaa ya wanyonge uachwe kama ulivyokuwa, basi huko kutakuwa ni kupendelea. Mto huo hauishi mwisho wa majumba ya biashara. Una tawi la kaskazini na tawi la kusini, na haki yapasa iufuate uendako.

Khatari kubwa zaidi twaiona mahali pengine. Ili kuikamilisha njia, mji ulichukua mkopo wa serikali kuu unaokaribia dola milioni 99, nao ukakusudiwa ulipwe kwa mapato ya njia yenyewe: kodi za mikahawa na vibanda, na ada za mashua za watalii. Kwa hesabu hilo ni jambo la busara, kwa kuwa fedha haikuchukuliwa kwa mjane wa mtaa wa mbali. Lakini deni lina tabia yake. Deni hutaka meza iongezwe hapa, na mnywaji wa divai akae pale, na benchi la bure liondolewe kwa sababu haliingizi kitu. Hapana atakayetangaza kwamba maskini asipite. Ataruhusiwa kupita, lakini atapita kama mgeni asiyealikwa, akitazamwa mikono yake kama ina kikombe. Hivyo ndivyo mali ya wote iwezavyo kupotea pasipo kuibwa na mtu.

Basi sisi twaweka kipimo kimoja. Mtazame mtu asiyenunua kitu. Akiweza kuketi ukingoni saa nzima, akatazama maji, wala asione haya na wala asifukuzwe, njia hiyo ni ya umma, ajapokuwa aliyeijenga ni mfanya biashara. Akiwa hawezi, njia hiyo ni duka refu, ijapokuwa iliyoijenga ni serikali. Biashara na iwepo, kwani msafiri huona njaa na kiu. Lakini iwe mtumishi wa njia, isiwe bwana wake.

Na wenye kupita nao wana wajibu. Mwezi wa Mei 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto ukapanda ukaifunika njia ile. Maji yakishuka lazima watu wasafishe, na mwaka mwingine wasafishe tena. Kujenga ni kazi ya miaka michache, kutunza ni kazi ya umri. Atakaye haki ya kukaa ukingoni na asitupe taka, asiwazuilie wenziwe njia, wala asimuudhi apitaye.

Haya ya Chicago hayatuhusu kwa mbali. Sisi watu wa pwani bahari imetuzunguka, na twazijua njia za kushukia ufuoni ambazo baba zetu walizipita, na leo zina ukuta na lango. Twaijua pia Mama Ngina Drive, iliyofunguliwa upya mwaka 2019, na twajua jinsi jamaa zetu wanavyokwenda huko jioni kupunga upepo. Kila tunapoketi mahali kama hapo na tujiulize maswali mawili: je, yule asiye na kitu ameketi kwa raha kama tulivyoketi sisi? Na watoto wa watoto wetu watapakuta? Jibu likiwa siyo, tusingoje mpaka ukuta ukauke. Na tuseme sasa, kwani mwenye amana akinyamaza, hao waliokabidhiwa huidhani kuwa ni mali yao.