Pete Iliyoangukia Majini Ni ya Nani?

Katika pwani za Florida, nchini Marekani, waogaji wakisha kurudi makwao jioni, huonekana watu wengine wakiingia majini hadi magotini, pengine hadi kiunoni, kila mmoja ameshika fimbo yenye bamba la mviringo mwishoni, na visikilizio masikioni. Hawavui samaki. Watafuta kwa mashine pete, mikufu na hereni zilizowaponyoka watu wakioga. Sisi hatuilaumu kazi hiyo. Lakini yazusha swali ambalo kila nyumba ya Kikristo hukutana nalo, hata iliyo mbali na bahari: kilichookotwa ni cha nani?

Tutazame kwanza jinsi pete ipoteavyo. Maji ya baridi hukisinyaza kidole, mafuta ya kukinga jua hukitelezesha, kisha wimbi moja latosha. Dhahabu safi ina uzito wa maji mara 19, na ile ya pete, ingawa imechanganywa na metali nyingine, huzama upesi. Mchanga unaotikiswa na mawimbi huifunika, nayo huzidi kushuka hata ikutane na tabaka gumu. Mwenyewe hupapasa mpaka jua lichwe asiione. Ndipo ifaapo mashine. Ndani ya bamba lake mna waya uliozungushwa, unaopitishwa umeme ili utoe nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikifika kwenye metali huamsha ndani yake umeme kidogo, na mashine huutambua ikalia. Maji ya chumvi huivuruga, ndiyo maana watafutaji wa baharini hutumia mashine za namna ya pekee. Tena kishikio cha alumini cha kopo la soda huweza kulia sawasawa na pete ya dhahabu! Basi mtu huchota mchanga kwa koleo lenye matundu tena na tena, akapata takataka tu.

Kwa hiyo twafahamu shauri limjialo siku apatapo pete kweli. Nimetaabika, asema, mwenyewe amekwisha kata tamaa, bahari iliimeza, mimi nimeitapisha. Maneno hayo yana ladha ya haki. Lakini jasho humstahilisha mtu shukrani, pengine na ujira. Halimpi mali ya mwenzake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilipambanua jambo hili kana kwamba alisimama ufukoni. Vito ambavyo havikupata kuwa na mwenyewe, kama viokotwavyo pwani, alifundisha kuwa ni vya avionaye. Kitu kilichopotea karibuni ni jambo jingine: akitwaaye ili amrudishie mwenyewe hana kosa, bali akitwaaye ili akishike ni mwizi. Alikubali pia kwamba kitu kilichoachwa na mwenyewe, naye aliyekiokota akaamini hivyo, chaweza kushikwa bila wizi. Hapo ndipo wengi wanapojifichia. Lakini ni nani aachaye pete yake ya ndoa? Kukata tamaa ya kukipata kitu si kukitupa. Mjane aliyepoteza pete aliyovishwa mbele ya altare hakuitoa sadaka kwa samaki.

Na pete nyingi zajieleza zenyewe. Ndani ya pete ya ndoa mara nyingi huchorwa majina na tarehe ya arusi. Pete za wahitimu huko Marekani huwa na jina la shule na mwaka. Aliye na pete ya namna hiyo mkononi atasemaje kwamba hakuwa na pa kuanzia? Sheria ya Florida yenyewe humtaka mwenye kuokota apeleke habari polisi, na aweza kukabidhiwa kitu hicho mwenyewe asipopatikana katika siku 90. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, fungu la 2409, yakitaja kushika kwa makusudi kitu kilichopotezwa miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, humwagiza aliyeokota akiweke nyumbani kwake hata nduguye aje kukitafuta. Twafurahi kwamba wengi wa wale wa mashine hufanya hivyo, na wengine huitwa na waliopoteza, wakaja kutafuta bure.

Mtakatifu Augustino aliwasimulia waumini wake habari ya mtu wa Milano, maskini sana, mtumishi katika shule ya mwalimu mmoja. Aliokota mfuko wenye vipande vya dhahabu karibu 200, akabandika tangazo hadharani. Akaja mtu, naye hakumpa mara moja, alimwuliza kwanza alama za mfuko, muhuri na hesabu. Yote yakalingana. Mwenyewe kwa furaha akamtolea vipande 20, akakataa, 10, akakataa, akamsihi apokee walau 5, akakataa. Yule akautupa mfuko chini kwa hasira, akisema kwamba basi hata yeye hakupoteza kitu. Maskini aliposhindwa alipokea alichopewa, na papo hapo akawagawia maskini wenzake chote.