Akiba Haivunji Tawakkul

Aprili 2020 Tanzania ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, ukawa kimya. Mwaka uliotangulia Zanzibar ilipokea watalii wapatao 538,000. Mwaka huo wa korona walioingia hawakufika 261,000, chini ya nusu. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zilifunga milango. Wapishi, wasafishaji wa vyumba, madereva wa teksi, wauza vinyago wa Mji Mkongwe na papasi wa Forodhani walijikuta nyumbani bila kipato, na wengi wao hawakupewa hata nafasi ya kujipanga.

Nyakati kama hizo kauli moja hutawala barazani: riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Kauli ni ya kweli, na Muislamu hana shaka nayo. Ila watu huitumia kwa njia mbili. Yuko anayeisema ili moyo wake utulie apate kuamka kesho kutafuta, na yuko anayeisema ili asiulizwe kwa nini hakuweka kitu. Hapo ndipo suali la dini linapozaliwa: mtu anayeweka akiba na kujifunza kazi ya pili kwa kuhofia siku mbaya, anapunguza imani yake kwa Mola anayeruzuku?

Wanavyuoni walilijibu suali hili zamani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliandikia mlango mzima katika Ihya yake, kitabu kinachojulikana sana kwa wasomi wa madhehebu ya Shafi, madhehebu ya Wazanzibari wengi. Kwake, mwenye familia akiweka chakula cha mwaka mmoja hatoki katika tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwa kuwa Mtume mwenyewe aliwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Anayelimbikiza kupita hapo ndiye anayepaswa kuuangalia moyo wake, maana njia za riziki hujirudia kila mwaka.

Kipimo hicho kinawafaa sana watu wa Unguja, ambao maisha yao yamefuata misimu tangu enzi za majahazi. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na mfanyabiashara wa mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, alijua kwamba faida ya miezi michache lazima imfikishe msimu mwingine. Leo misimu ni ya watalii. Masika ya Aprili na Mei yanapoanza, baadhi ya hoteli za pwani hufunga na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo mfanyakazi wa hoteli anayeweka cha kumvusha masika hamdhanii Mungu vibaya. Anaiheshimu kawaida ambayo Mungu ameiweka katika mwaka.

Mara nyingi hutajwa pia hadithi ya ndege ambao hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wanaoitumia kuwa hoja ya kukaa tu husahau kwamba ndege hao walitoka.

Mfano mkubwa zaidi umo katika Sura ya Yusuf, ambayo Wazanzibari wengi wameisoma kwa Kiswahili kupitia tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja. Nabii Yusuf aliifasiri ndoto ya mfalme, kisha akatoa mpango: kulima miaka saba, kula kidogo, na kuacha nafaka katika mashuke yake ili isiharibike. Jambo linalopitwa haraka ni lile lililofuata. Aliomba akabidhiwe hazina za nchi, akataja sifa mbili tu: ni mlinzi mwaminifu na ni mjuzi. Alikuwa mgeni, aliuzwa utumwani, alifungwa gerezani. Hakuna alichoweza kubeba kutoka hali moja hadi nyingine isipokuwa uaminifu wake na ujuzi wake. Kwa anayefikiria kazi yake itakuwaje uchumi ukianguka, hilo ni fundisho zito kuliko ghala lenyewe.

Unguja imelihitaji fundisho hilo mara kadhaa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, na Pemba iliyonusurika ikawa ndiyo mzalishaji mkuu. Karne moja baadaye Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilipanua mashamba yake na bei ikaporomoka katika miaka ya 1980. Utalii ulipanuka kuziba pengo, nao ukawa tegemeo jipya la takriban kila kitu. Halafu Desemba 2009 kebo ya umeme kutoka bara iliharibika, na Unguja ikakaa gizani kwa miezi mitatu. Mwenye duka la barafu, mshona nguo kwa cherehani ya umeme na mwenye nyumba ya wageni waliumia pamoja, kwa sababu wote walitegemea waya mmoja.

Wakulima wa mwani wa kisiwani wana mengi ya kuwafundisha wengine. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake wakapata fedha zao wenyewe. Baadaye maji yalipozidi kupata joto, kotoni, aina yenye bei nzuri, ikaanza kufa. Baadhi ya wanawake walijifunza kusaga mwani na kuutengenezea sabuni. Kikundi cha Kidoti kilijipa jina la Tusife Moyo. Mwani mkavu hubakia na bei ya chini anayoipanga mnunuzi wa nje. Sabuni ni ujuzi ambao mwenyewe hawezi kunyang'anywa.

Kujiandaa, basi, kuna sura zake za kawaida kabisa. Mhudumu wa hoteli ajifunze hesabu za biashara au lugha nyingine wakati mshahara bado unaingia, na vyeti na barua za waajiri azitunze. Aulize kama michango yake inafika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Aliyejiajiri naye ana mpango wa hiari katika mfuko huo huo. Anayekwepa riba ana dirisha la Kiislamu la Benki ya Watu wa Zanzibar, na ana vikundi vya kuweka na kukopa vya aina ya vile vilivyoanzishwa kuzunguka msitu wa Jozani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Madeni ya harusi na ya sikukuu yaangaliwe kwanza, kwani kipato kikikatika deni halingojei.

Lakini maandalizi nayo yana mpaka wake. Mfanyabiashara anayeficha mchele akingoja bei ipande ameingia katika ihtikari, ambayo Mtume aliihesabu kuwa dhambi. Akiba iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha kuwajibisha zaka, na kutimiza mwaka ina haki ya maskini ndani yake, sehemu 2.5 katika kila 100. Ghala la Yusuf halikuwa la nyumba yake. Lililisha nchi na majirani zake, wakiwemo ndugu waliomtupa kisimani. Anayejiandaa peke yake, jirani yake akiwa hana cha kupika, amefuata nusu ya mafundisho.

Watalii wamerudi. Mwaka 2022 idadi yao ilivuka ile ya 2019, na mwaka 2024 ilizidi 736,000. Hii ndiyo miaka ya mashuke yaliyojaa, na ndiyo inayosahaulisha kuliko yote. Kila mwenye kipato Unguja leo aanze mwezi huu: atenge kidogo kwa ajili ya masika, achague ujuzi mmoja wa kujifunza, atoe zaka yake, kisha amuachie Mwenyezi Mungu yaliyobaki.