Tumtumaini Mungu Hata Ghala Likiwa Tupu

Katika nchi ya Ugogo, mwisho wa mwaka ukikaribia, mkulima huchukua jembe lake akaenda kusia uwele katika vumbi. Mvua haijanyesha bado. Uwanda huu wa kati una msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, na kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haipiti sana milimita 550. Mkulima ayajua hayo yote, na hata hivyo apanda.

Lakini iko miaka ambayo mbegu hufia ardhini. Katika mwaka kama huo baba mmoja wa familia alitujia, akasema: “Padre, tumesali novena, tumefanya maandamano ya kuomba mvua, na shamba langu limekauka. Je, Mungu hatusikii?” Swali hili si kufuru. Manabii nao walimlilia Mungu hivyo hivyo. Lastahili jibu la kweli, wala si maneno matamu.

Tukumbuke njaa ile kubwa iliyoipiga Ugogo kati ya miaka 1917 na 1920, ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Yakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa, katika watu wapatao 150,000. Je, ilikuwa adhabu ya Mungu? Tusiwe wepesi kusema hivyo. Ukame ulikuwapo, ni kweli. Lakini kabla yake vita vya wakubwa wa Ulaya vilikuwa vimepita hapa. Jeshi la Wajerumani, na baadaye jeshi la Waingereza lililoingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng’ombe, yalichukua nafaka, yakachukua na wanaume wawe wapagazi. Mvua ilipokosa kunyesha, mazizi na maghala yalikuwa yamekwisha kuwa matupu. Basi, ole wake Mkristu amwambiaye mama aliyefiwa kwamba Mungu amemwua mtoto wake, hali ni wanadamu waliomnyang’anya chakula!

Hata jina lenyewe lina fundisho. Mtunya, ndiyo kusema kugombania: kila mtu anyakue awezacho. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa ya nyakati ngumu. Njaa hudhoofisha mwili, lakini hofu hufumba mkono, na mkono ukiisha kufumbwa, ndugu humwona ndugu yake kuwa adui.

Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Aliokota kuni apike chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe. Nabii Eliya akamwomba mkate. Mwanamke yule hakuona mvua wala ghala. Aliona mgeni mwenye njaa, akafungua mkono. Huko ndiko kumtumaini Mungu.

Wala tusidanganyane. Tumaini si biashara, kwamba tukitoa sala tutapewa mvua. Katika Mtunya walikufa pia watu wema waliomlilia Mungu. Bwana wetu Yesu Kristu mwenyewe, usiku ule bustanini, aliomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondoka. Alijitia mikononi mwa Baba, naye Baba alimfufua siku ya tatu. Hayo ndiyo tuliyoahidiwa: si kwamba hatutapita gizani, bali kwamba hatutapita peke yetu, na giza halitakuwa mwisho wa safari.

Tena kutumaini si kukunja mikono. Yosefu wa Misri alimtumaini Mungu, na kwa hiyo alijenga maghala. Wazee wa Ugogo nao hawakuweka mifugo yao yote katika zizi moja. Waliweka mingine kwa rafiki wa mbali, ili balaa ikipiga huku, pabaki kitu kule. Basi enyi akina baba, msiuze mtama wote wakati wa mavuno kwa tamaa ya fedha ya siku moja. Enyi akina mama, wafundisheni watoto kupeleka bakuli kwa jirani kabla hajaomba. Nanyi mnaonunua gunia kwa bei ya chini na kungoja njaa ili mliuze kwa bei ya kutisha, jueni kwamba mwaendeleza Mtunya.

Yule baba tulimwuliza atakula nini. Akajibu kwamba jirani yake, ambaye mwenyewe hakubakiwa ila na nusu gunia, amempa debe moja la mtama: sehemu ya kula, na sehemu ya mbegu. Tukamwambia: “Umeuliza kama Mungu asikia. Jirani yako amesikia. Ni nani aliyemfungua masikio?”

Alinyamaza kidogo, kisha akaaga. Ile sehemu ya mbegu aliipanda.

Wapenzi wasomaji, tusali, tufanye kazi, tugawane. Na Mwenyezi Mungu atujalie moyo wa kupanda hata katika vumbi.