Fadhila ya Kupanda kwa Kuchelewa

Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zinapokaribia kuaga Nakuru na upepo wa Bonde la Ufa unapoanza kupeperusha vumbi la udongo uliozaliwa na moto wa volkano, wako watu wautazamao mchanga mtupu mbele ya nyumba zao na kusema kwamba wakati wa maua umepita, na kwamba mwenye akili hungoja masika ya Machi. Shauri hilo lina sura ya hekima, walakini ndani yake limo swali kubwa kuliko bustani: je, jambo jema likichelewa hupungukiwa na wema wake?

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Nakuru iko karibu na Ikweta, kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya bahari. Urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, wala haiji baridi ya theluji kuua mimea kama ilivyo Ulaya. Aghalabu kinachoamua msimu hapa ni maji. Mbegu za zinia na kosmosi, maua yenye asili ya Meksiko yapendayo jua, zikipandwa katika unyevu wa mwisho, zikatandazwa majani makavu, na jioni zikanyweshwa maji yaliyokwisha kuosha mboga, huchanua kwa kadiri ya wiki nane hadi kumi. Basi Januari, nyasi zikiwa zimekauka kwenye miteremko ya Menengai, nyumba hiyo itakuwa na rangi nyekundu, ya manjano na ya waridi.

Ua lile halina nusu. Umri wake ni miezi michache, nalo likiipata limeishi umri mzima. Taksiri ya kuchelewa ni ya mpandaji, haimo katika kilichopandwa. Kimani Ng'ang'a Maruge alipoingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka wa 2004, akiwa na umri wa miaka 84, herufi alizojifunza hazikuwa pungufu kuliko zile za watoto alioketi nao.

Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza kuwa hata Kiyama kikifika na mtu ana mche wa mtende mkononi, naye aweza kuupanda, aupande. Mtende hukaa miaka kabla ya kuzaa, na tende za mche ule hazingeliwa na mja yeyote. Kwa hiyo amri imeuangukia mkono, haikuyangoja mavuno. Nako katika mfano ulio katika Injili ya Mathayo, vibarua walioitwa saa kumi na moja jioni walipokea dinari sawa na walioanza alfajiri.

Yuko atakayesema kwamba mafundisho haya ni mto wa kulalia wavivu. La hasha: vibarua wale walikuwa wamesimama bila kazi kwa kuwa hakuna aliyewaajiri, na walipoitwa walikwenda. Rehema kwa aliyechelewa si ruhusa ya kuchelewa. Yuko pia atakayesema kwamba mtende hulisha na ua halilishi. Nyuki hawatasema hivyo. Na mgonjwa aliyeketi kibarazani Januari, macho yamemchoka kwa vumbi, naye ana haki ya kupata kitu cha kumtuliza.

Kule Naivasha wakulima wa waridi hukata matawi kwa hesabu ya siku, ili maua yawe Ulaya kabla ya tarehe 14 Februari, kwani waridi lifikalo baada ya sikukuu hupotewa na bei. Hiyo ni hesabu ya soko, nayo ni halali mahali pake. Lakini wengi wetu tumeichukua tukaipimia toba, elimu na mapatano na ndugu zetu, ambavyo havina mnada wala siku ya kufungwa kwake. Anayejiona amechelewa katika lolote la hayo namnasihi hivi: masika yajayo apande mapema, leo apande.